Picha ya Asili Isiguswe



Kijana mmoja wa Kampemba, mpiga picha wa arusi na ubatizo, ametuletea barua yenye maswali mawili. La kwanza: ataka kununua kompyuta, naye aomba shauri ni programu gani ya kutengenezea picha imfaayo, maana kila rafiki yake aisifu ya kwake kama mvuvi aisifuvyo ndoano yake. La pili ameliandika chini kabisa, kama jambo dogo tu: nikiisha kuitengeneza picha ikapendeza, kuna haja gani ya kuiweka ile ya kwanza? Zajaza diski bure.

Tutaanza na lile la chini. Asiyelijibu hilo vema hawezi kuchagua programu, hata apewe zote za dunia.

Miaka michache iliyopita shangazi yangu alifariki dunia nyumbani kwake, Katuba. Shavu lake la kushoto lilikuwa na kovu la moto, kwa kuwa aliangukia mbabula alipokuwa mtoto mdogo. Kovu hilo kila mtu alilijua. Wajukuu walipobebwa walikuwa wakilichezea kwa vidole mpaka usingizi uwachukue. Basi, siku ya matanga, mwanawe alichukua flashi yenye picha ya mama yake, picha moja tu iliyokuwa nzuri, akaipeleka kwa fundi ikuzwe na kutiwa fremu. Fundi yule alikuwa na nia njema kabisa. Alilifuta kovu, akazilainisha kunyanzi za uso, akaing'arisha ngozi hata ikawa rangi ya chai ya maziwa, kisha akaihifadhi kwa jina lile lile, katika flashi ile ile.

Picha ilipowekwa mezani kati ya mishumaa, mdogo wake marehemu, mzee ambaye macho yake bado ni mazima, aliitazama kwa muda mrefu. Halafu akauliza kwa sauti ya chini, "Huyu mama ni nani?" Watu wawili watatu walicheka, kisha wakanyamaza. Kesho yake tulimwendea fundi kuiomba ile ya kwanza. Hakuwa nayo. Simu iliyoipiga ilikuwa imekwisha uzwa. Tangu siku hiyo, ukutani kwetu pametundikwa picha nzuri ya mwanamke tusiyemjua.

Simwandiki fundi huyu ili kumlaumu. Alikosa utaratibu, hakukosa moyo. Nao utaratibu huo wazee wa kazi hii walikuwa nao, hata bila kuuwaza. Zamani za filamu mpiga picha aliosha negativu katika chumba cha giza, akaiweka ndani ya bahasha, akaandika namba juu yake. Alichompa mteja kilikuwa karatasi tu. Karatasi hiyo aliweza kuigusa kwa kalamu na brashi, kuipaka rangi, kuikata ukingo. Ikiharibika, aliitupa akachapa nyingine. Wako waliothubutu kuikwaruza negativu yenyewe, na hao walijua kwamba wanacheza na moto. Lakini zilipokuja kamera za kompyuta, faili moja ikawa negativu na karatasi kwa pamoja, wala watu hawakutambua kilichopotea. Ndiyo sababu neno "hifadhi" katika kompyuta lataka hofu kidogo. Laahidi kutunza, kumbe laweza kuifunika picha ya jana kwa ya leo, na ya jana isirudi.

Tena kuna hasara nyingine isiyoonekana upesi. Picha nyingi zatoka katika simu na kamera zikiwa za namna iitwayo JPEG, iliyowekewa kanuni zake mwaka 1992. Ili ziwe ndogo, JPEG huigawa picha katika viraba vya pikseli 8 kwa 8, na katika kila kiraba huacha mambo madogo ambayo jicho halitayakosa sana. Kwa mara moja si neno. Lakini kila unapoifungua, ukaibadilisha na kuihifadhi tena, hupunguzwa tena. Ifanyie hivyo mara kumi nawe utaona kingo za uso zikitetemeka kama sura iliyo ndani ya maji, na madoa ya miraba katika anga.

Kamera nzuri, na siku hizi simu kadhaa pia, zaweza kutoa faili ghafi, yaani yale yote yaliyopokewa na jicho la kamera kabla hayajapikwa. JPEG ina ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi. Faili ghafi ya biti 14 ina ngazi 16,384. Mpiga picha wa arusi wa hapa petu na azingatie namba hizo, kwa sababu kazi yake ni ngumu kuliko ya wengi: bibi arusi mwenye ngozi nyeusi katika nguo nyeupe pe, mlangoni mwa kanisa, saa sita mchana. Kamera huiona ile nguo, yadhani mwanga umezidi, yapunguza. Na uso wa bibi arusi wazama gizani. Katika JPEG ukitaka kuuinua uso huo utapata majivu na madoa, kwa kuwa ngazi zilizobaki gizani ni chache mno. Katika faili ghafi uso ungali umo, wangoja kuitwa. Wengi waipaushao ngozi ya watu wetu hawafanyi hivyo kwa kupenda weupe. Hawakuwa na ngazi za kutosha, wakaivuta picha nzima juu kama mtu ainuaye shuka kwa ncha moja. Wako pia wapendao weupe, lakini hao si shauri la programu.

Sasa twafika kwenye kiini. Ziko njia mbili za kutengeneza picha kwa kompyuta. Ya kwanza ni kuzibadilisha pikseli zenyewe, kama fundi cherehani akataye kitambaa papo hapo. Ya pili ni kuiacha picha ilivyo na kuandika maagizo pembeni: ongeza mwanga kiasi hiki, punguza umanjano wa taa kiasi kile, kata ukingo wa kulia, giza kidogo juu ya nguo. Programu huyasoma maagizo hayo kila unapoifungua picha na kukuonyesha matokeo. Faili ya kwanza haikuguswa hata kwa ukucha. Huyo ni fundi achoraye kwa chaki. Ukijuta mwaka ujao, wafuta chaki. Mteja akiitaka picha nyeusi na nyeupe, waandika maagizo ya pili kando ya yale ya kwanza.

Kijana wetu alalamika kwamba picha za asili zajaza diski. Na tupige hesabu pamoja. Faili ghafi ya kamera ya megapikseli 24 ni kama megabaiti 30. Arusi ya picha 800 ni gigabaiti 24. Diski ya terabaiti 1 yaweza basi kubeba arusi 40 na zaidi. Maagizo ya picha moja ni maandishi tu, kwa kawaida kilobaiti chache, hayazidi barua ya kurasa mbili. Lakini atakayeifungua picha hiyo hiyo na kuihifadhi kama TIFF ya biti 16, atapata faili ya megabaiti 144 hata kabla hajaongeza tabaka la pili. Kumbe aitunzaye asili na kuandika maagizo ndiye asiyejaza diski.

Hapa mjini kwetu yupo mtu ambaye kazi yake yalionyesha jambo hili waziwazi, ingawa hakukusudia kumfundisha mtu kompyuta. Sammy Baloji alizaliwa Lubumbashi mwaka 1978. Mwaka 2006 alitengeneza mfululizo wa picha alioupa jina la Mémoire, yaani ukumbusho. Alipiga picha pana za rangi katika karakana na viwanda vya Gécamines vilivyochakaa. Kisha akatwaa picha za zamani, nyeusi na nyeupe, za enzi za Union Minière du Haut-Katanga, ile kampuni iliyoundwa mwaka 1906 na kutaifishwa mwaka 1967. Wafanyakazi wa Kiafrika na wakubwa wa Kizungu waliokuwa humo akawatoa kwa kompyuta mahali walipokuwa, akawasimamisha mbele ya magofu. Mtu wa kale, asiye na rangi, asimama kati ya kutu na majani ya leo na kututazama. Kazi hiyo ilionyeshwa Bamako mwaka 2007, ikampatia Baloji tuzo. Mwaka 2008 yeye na Patrick Mudekereza na wenzao wakaanzisha hapa Lubumbashi makutano ya wasanii yaliyoitwa Picha, kwa neno letu wenyewe la kila siku.

Mtu aweza kuuliza: je, huyo naye si alikata watu? Alikata, tena kwa ujasiri kuliko fundi wa Katuba. Lakini alikata nakala. Picha za kampuni zilibaki kama zilivyokuwa, na atakaye kujua mtu yule alisimama wapi kwanza, na nani alikuwa kando yake, aweza kuzirudia. Wala hakuficha mshono: nyeusi na nyeupe juu ya rangi, kila mtazamaji ajua kwamba wakati mbili zimekutanishwa. Mimi naona hiyo ndiyo tofauti. Juu ya nakala mtu na atende apendavyo, ikiwa asili ingali ipo.

Jambo moja zaidi katika kazi hiyo lanisumbua. Picha zile zilikuwapo za kutumiwa kwa sababu kampuni ilizitunza, kwa faida yake yenyewe. Iliwapiga picha wafanyakazi jinsi ilivyotaka kuwaona. Picha ambazo wafanyakazi hao walijipiga wenyewe, wakiwa wamevaa suti Jumapili pamoja na mke na watoto, hazimo katika kabati za kampuni. Zimo katika masanduku ya chuma chini ya vitanda vyetu, au hazimo mahali popote. Mtunzaji wa hizo ni sisi, na yule fundi wa mtaani tumpelekeaye.

Turudi basi kwa swali la programu. Nimeambiwa mara nyingi kwamba bora kuliko zote ni Photoshop. Ni chombo kikubwa kweli, kilichotoka mwaka 1990, nacho kina matabaka ambayo mtu aweza kufanya kazi juu yake bila kuigusa picha iliyo chini. Lakini halikulazimishi kufanya hivyo. Asiye na utaratibu ataiharibu picha ndani ya Photoshop kama popote pengine. Kwa mtu wa arusi, mwenye picha mia nane za kupitia kwa siku mbili, Lightroom yafaa zaidi. Hiyo tangu ilipotoka mwaka 2007 ilijengwa juu ya kanuni ya maagizo. Yaweka maagizo yote katika daftari moja liitwalo katalogi, na hapo pana mtego: diski ikifa na katalogi ndani yake, picha zitabaki, lakini kazi yako ya miezi yote imekwenda. Yafaa kuiamuru iandike maagizo pia katika faili ndogo za XMP, kando ya kila picha.

Shida ya hizo mbili yajulikana. Matoleo mapya ya Photoshop hayauzwi tangu mwaka 2013, hukodishwa tu. Na Lightroom vivyo hivyo leo. Kila mwezi kodi, kwa kadi ya benki inayokubalika ng'ambo, na kila baada ya muda kompyuta yataka intaneti ili kuthibitisha kwamba umelipa. Mwezi usipolipa, Lightroom Classic itakuonyesha picha zako na kukuruhusu kuzitoa, lakini mahali pa kuzitengenezea pafungwa. Mtu ambaye mapato yake hutegemea majira ya arusi na apime mwenyewe. Ama ile programu iliyoibwa, ambayo utauziwa ndani ya flashi kwa bei ya chupa mbili za soda, mara nyingi huja na wageni wengine ndani yake, na wageni hao hula kwanza faili.

Kwa kijana wetu mimi nachagua darktable. Ilianza mwaka 2009, ni ya bure kwa haki wala si kwa wizi, na haihitaji intaneti ikiisha kuwekwa. Huandika XMP kando ya kila picha bila kuombwa. Ni ngumu kujifunza, sitamdanganya: vibao vyake ni vingi, majina yake ni ya wahandisi, na kompyuta kuukuu itatweta. Akiona imemshinda, ipo RawTherapee, ya bure pia. Kwa kazi ya kuziba na kufuta aongeze GIMP, ambayo katika toleo la 3.0, lililotoka Machi 2025, imepata vichujio viwezavyo kurekebishwa baadaye. Kabla ya hapo kila kichujio kilikuwa kisu. Ajue pia kwamba maagizo ya programu moja hayasomwi sawasawa na nyingine. Kwa hiyo picha bora za kila arusi, kumi au kumi na tano hivi, azitoe kama TIFF zilizokamilika, ili atakapohama programu asianze upya.

Na anayetumia simu tu? Achague kila mara kuhifadhi nakala, asihifadhi juu ya ile ile. Tena akituma picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, ajue kwamba yapunguzwa, na tarehe iliyofichwa ndani yake yafutwa. Akiituma kama hati, yafika nzima. Nimeona jamaa nyingi ambazo nakala pekee ya picha ya babu ni ile iliyokwisha pita katika makundi matano ya simu.

Utaratibu wenyewe waanza kabla ya kufungua programu yoyote. Jioni ya arusi, ukiwa umechoka, na umeme labda umekatika, nakili kadi yote katika folda yenye tarehe iliyoandikwa kwa kuanzia mwaka, mathalani 2025-06-14, na jina la jamaa, ili folda zijipange zenyewe. Kisha nakili folda hiyo katika diski ya pili. Fungua picha chache katika kila diski uone zinafunguka kweli. Hapo tu ndipo kadi iweze kufutwa, si kabla. Diski ya pili isilale katika chumba kimoja na ya kwanza; mwizi achukuaye kompyuta hachagui, huchukua na kilicho kando yake. Ipeleke kwa ndugu, mtaa mwingine. Kesho yake chagua, na usifute zile zenye kasoro ndogo upesi hivyo, kwa maana huijui bado picha ambayo watu watailia. Ndipo rangi ya mwanga, kisha mwanga wenyewe, kisha kukata ukingo, na mwisho kabisa mambo madogo ya uso. Chunusi ya siku ile yaweza kuondoka, kwa kuwa wiki ijayo ingeondoka yenyewe. Kovu, chale na mwanya wa meno ni vya mtu, uulize kwanza. Mteja apewe JPEG mpya katika folda yake yenyewe, na folda ya asili isifunguliwe kwa kazi nyingine yoyote.

Picha za zamani za karatasi zataka uangalifu wake. Zichukue kwa skana, kwa doti 600 kwa inchi zikiwa ndogo, na uzihifadhi kama TIFF. Usisahau upande wa nyuma, maana huko ndiko kuliko na muhuri wa studio, na tarehe, na majina yaliyoandikwa kwa kalamu ya risasi na mtu ambaye hayupo tena. Mpasuko uuzibe katika tabaka tupu juu ya picha: GIMP yaweza kuchota rangi kutoka chini na kuipaka juu, hivyo wazima tabaka na mpasuko waonekana tena. Kuna programu mpya zijazazo zenyewe mahali palipoharibika. Kwa anga na ukuta, haya. Lakini mpasuko ukipita juu ya jicho, mashine haimjui babu yako; itampa jicho la mtu mwingine, zuri sana.

Basi, kijana wetu, fedha zako za kwanza zinunue diski ya pili kabla ya kitu kingine. Programu tuliyoitaja haina bei.

Ama shangazi yangu, mwaka jana binti yake alipokuwa akipanga nguo alikuta kadi ya uchaguzi ya mama yake ndani ya kitenge kilichokunjwa. Picha yake ni ndogo, haifiki ukubwa wa sanduku la kiberiti, na plastiki imekwaruzika. Kovu lipo, shavu la kushoto. Tuliipitisha katika skana mbele na nyuma, tukaziweka TIFF mbili katika nyumba mbili. Yule mzee mdogo wake alipoonyeshwa katika kompyuta alivua kofia. Nilipomwuliza kama tuisafishe mikwaruzo kidogo, alisema tungoje kwanza.